ClamAV kwenye seva ya faili ya Samba: uzoefu wangu

Seva ya faili ninayoisimamia inatumia Linux na Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua folda za seva hiyo kupitia mtandao, na kinga yake ya virusi ni ClamAV. Idara zote huhifadhi humo mikataba, ankara, michoro na majedwali ya hesabu, kwa hiyo faili moja baya likiingia asubuhi, mchana limeshafunguliwa na nusu ya ofisi. Nimeishi na mpangilio huu kiasi cha kutosha, na naupendekeza kwa moyo mmoja, ila kwa mtu aliye tayari kukaa chini na kuupanga. Ukisakinisha tu ukaondoka, hujalinda kitu.

Wengi wanaouliza kuhusu antivirasi ya seva huwaza kirusi kinachoishambulia seva yenyewe. Kwenye seva ya faili, mara nyingi hali si hiyo. Kirusi cha Windows kilicholala kwenye folda ya pamoja ya seva ya Linux hakifanyi lolote pale. Kinamsubiri mtu akifungue kwenye kompyuta yake. Seva ni kama ghala ambalo kila mtu ana ufunguo wake, na kazi ya kinga ni kukagua mlangoni, faili linapoingia na linapotoka. Ukaguzi wa diski unaofanyika usiku peke yake unakuacha wazi saa zote za kazi.

ClamAV ni programu huria, inatunzwa na Cisco, na haina ada ya leseni. Kuna njia mbili za kuifanya ikague papo kwa papo. Ya kwanza ni clamonacc, inayofuatilia folda kupitia kerneli, yaani kiini cha Linux. Inafanya kazi, lakini yenyewe inaona tu kwamba Samba imegusa faili fulani. Haijui ni nani aliye upande wa pili. Njia ya pili ni moduli ya Samba iitwayo virusfilter, iliyoingia kwenye Samba mwaka 2018. Hii inakaa ndani ya Samba yenyewe, hivyo inajua folda, mtumiaji na kompyuta iliyoomba faili. Nilichagua hii, na sijaona sababu ya kurudi kwenye ile nyingine.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba seva imelindwa, niliijaribu kwa faili la EICAR. Ni faili la maandishi la baiti 68, halina madhara, na programu za antivirasi zimekubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Nililiweka kwenye folda ya majaribio, nikaenda kwenye kompyuta ya Windows, nikalibofya. Likafunguka. Logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva, ikaeleza kisa chote: Samba haitumi faili lenyewe kwa clamd, huduma ya ClamAV inayofanya ukaguzi; inatuma njia ya kulifikia, halafu clamd analifungua mwenyewe. Clamd anaendeshwa na mtumiaji wake aitwaye clamav, na mtumiaji huyo hakuwa na ruhusa ya kusoma folda ile. Ukaguzi ukashindikana, na moduli, kwa mpangilio wake wa kawaida, ukaguzi ukishindikana inaruhusu faili lipite.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu dalili yake haionekani. Huduma zote zinaendelea, hakuna ujumbe mwekundu popote, na hakuna kinachokaguliwa. Dawa ni mbili. Mpe mtumiaji clamav ruhusa ya kusoma folda zote za pamoja, kisha washa mpangilio uitwao "block access on error", ili faili lisilokagulika lisifunguke. Nilipomaliza hayo nilibofya tena lile faili la EICAR, na Windows ikaleta ujumbe wa kunyimwa ruhusa. Tangu hapo kipimo hicho nakirudia kila ninapobadilisha kitu kwenye Samba au ClamAV.

Ukaguzi wa kufungua faili huwa umewashwa tangu mwanzo. Wa kufunga, yaani mtu anapomaliza kuhifadhi, unauwasha mwenyewe. Washa yote miwili. Kirusi kipya kinaweza kuingia leo kabla orodha ya alama za virusi haijakijua, lakini kesho mtu akilifungua faili lile, orodha imeshasasishwa na linakamatwa. Freshclam, inayoleta masasisho hayo, kwa kawaida huangalia mara 12 kwa siku. Na usichague kufuta faili lililokamatwa, chagua kulipeleka karantini, folda ya pembeni ambako watumiaji hawalifikii. Antivirasi yoyote huweza kulishuku faili safi, na mkataba uliofutwa kwa kushukiwa tu ni hasara ambayo huwezi kumweleza bosi akakuelewa.

Kilichonifanya niipende kabisa ni amri unayoweza kuiambatisha ili iendeshwe pale kirusi kinapopatikana. Yangu inanitumia barua pepe yenye jina la faili, jina la kirusi na anwani ya IP ya kompyuta iliyohusika. Kuna siku barua ile ilikuja: jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha ndani yake), jina la ankara, folda ya uhasibu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta yenye anwani hiyo, nikachomoa waya wa mtandao, ndipo nikaanza kuuliza. Dada wa uhasibu alikuwa amelipokea kama kiambatisho, akalihifadhi kwenye folda ya pamoja ili mwenzake alishughulikie malipo. Mwenzake hakuwahi kulifungua, lilishahamishwa karantini. Bila ile anwani ningekuwa na kirusi kilichokamatwa kwenye seva na kompyuta yenye maambukizi nisiyoijua iko meza gani.

Gharama yake ni RAM. Clamd hupakia orodha nzima ya alama kwenye kumbukumbu, zaidi ya GB 1, na orodha mpya ikija hupakia ya pili huku ya kwanza ikiendelea kufanya kazi. Maelekezo ya ClamAV yenyewe yanataka angalau GB 3. Usibane hapo, hasa ukiwa umezuia mafaili yasiyokagulika: clamd akianguka kwa kukosa kumbukumbu, hakuna mtu ofisini atakayefungua faili hata moja. Mimi nimeweka ufuatiliaji wa clamd kabla ya kitu kingine chochote.

Kama seva yako ni Windows Server, huna haja ya kuhamia Linux kwa ajili ya haya. Toleo la 2016 na yaliyofuata yanakuja na Microsoft Defender ndani yake, wakati clamonacc ni ya Linux tu.

Sasa, kuna kitu ClamAV haitakufanyia, na hapa ndipo watu huumia. Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta ya mfanyakazi, vinayafunga mafaili ya seva kwa msimbo wa siri yasisomeke, vikitumia ruhusa halali za mfanyakazi huyo. Seva inamwona mtumiaji anayemjua akifungua mafaili, akiyaandika upya, akiyafunga. Faili lililofungwa kwa msimbo huo halina kirusi ndani, kwa hiyo ukaguzi unasema ni salama. Kinachokuokoa ni ruhusa finyu kwa kila mtu, matoleo ya nyuma ya mafaili ambayo Samba inaweza kuyaonyesha kwa watumiaji wa Windows, na nakala rudufu iliyo nje ya mtandao.

Pia funga toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows na Samba hutumia kushirikishana mafaili. WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, kilisambaa kupitia kasoro ya SMB1 kwenye Windows ambayo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Samba imelizima toleo hilo kwa kawaida tangu 4.11, lakini bado nakuta seva zilizoliwasha tena kwa sababu ya mashine moja kuukuu ya kuskani isiyojua lugha nyingine. Mashine kama hiyo iache itume nyaraka kwa barua pepe, au itafutie kompyuta yake ndogo pembeni. Isiwe sababu ya kuifungulia mlango seva yenye mafaili ya ofisi nzima.