Franchaizi ya usafi Dallas: mteja wa kwanza nimemtafuta mwenyewe, wakamhesabu wao

Jina la kampuni silitaji, mkataba bado unanibana na hela ya wakili sina, ila mliopo Texas mkaambiwa "nunua franchaizi ya usafi, wateja tunakupa sisi" mtajua tu naongelea watu wa aina gani.

Mimi nimebeba boksi miaka kibao, ghala la usiku kule Irving, mgongo umeisha, nikasema sasa basi na mimi niwe bosi. Zamu yangu ya mchezo ikafika, nikajazia na akiba, nikawapelekea. Unachonunua ni jina lao, mafunzo ya siku chache, ndoo, dekio, mashine ya kuvuta vumbi, na ahadi kwamba watakuletea wateja mpaka wafike dola 2,000 kwa mwezi. Mimi nilinunua ile ahadi jamani, ndoo hata Walmart zipo.

Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Nikipiga simu naambiwa tunakutafutia, kuwa na subira. Halafu siku hiyo wakanipa ofisi moja Denton, na mimi nakaa Garland, zaidi ya maili 40 kwenda tu, malipo dola 210 kwa mwezi. Nikakataa. Kumbe ukikataa inahesabika wamekupa! Ipo kwenye mkataba, ukurasa wa huko nyuma kabisa ambao mimi sikufika.

Na hapa nijilaumu kidogo. Sheria ya Marekani inawalazimisha wakupe lile libuku la maelezo ya franchaizi siku 14 kabla hujasaini wala kulipa senti, na humo kipengele cha 20 kina majina na namba za simu za waliojitoa mwaka uliopita. Mama watoto aliniambia piga hata watatu uwasikie. Nikamwambia wale ni walioshindwa, mimi sishindwi. Ananikumbusha mpaka leo, tena kwa upole, ndo inauma zaidi.

Sasa huyo mteja wa kwanza. Nilimpeleka mtoto kung'olewa jino, kliniki ndogo tu ya meno, tukakaa pale mapokezi kama nusu saa. Macho yangu yameshaharibika, siwezi kukaa mahali bila kuangalia sakafu. Nikaona pembeni chini ya ukuta kuna mstari mweusi, yaani mtu anadeki katikati tu, maji machafu yanasukumwa pembeni yanakauka hukohuko miezi na miezi. Ndoo ya taka imejaa saa tatu asubuhi. Nikamuuliza yule mama meneja, samahani, nani anawafanyia usafi hapa? Akacheka akasema hata mimi najiuliza. Nikampa kadi. Nilivyotoka pale nilisahau hata kumuuliza mtoto jino linaumaje.

Mkataba unasema mteja yeyote lazima apitie ofisini kwao, wao ndo wanapanga bei, wao ndo wanatuma bili. Sawa. Nikawaambia, wakasema watamtuma mtu wao wa mauzo tuende naye. Siku yenyewe (ilikuwa kama wiki ya Thanksgiving hivi, barabara imejaa balaa) nimefika mapema, shati nimepiga pasi, jamaa kachelewa dakika 25. Kashuka kwenye gari, hata samahani hamna, akaniambia palepale paking: "Humo ndani niachie mimi niongee. Lafudhi yako itawachanganya, watu wanakuwa huru zaidi na mtu anayeongea kama wao."

Nilitabasamu. Ndo kitu kinachoniudhi mpaka leo, kwamba nilitabasamu. Miaka yote niliyokaa nchi hii, mteja nimemtafuta mimi, kwa lafudhi hiihii, na yule mama alinielewa vizuri tu huku mtoto wangu analia pembeni, halafu anakuja mtu hajawahi kushika dekio ananiambia ninyamaze.

Basi tukaingia. Jamaa anaongea, anaongea, vipeperushi, picha, kampuni yetu hivi na vile. Meneja anaitikia tu huku anaangalia saa. Mimi nimekaa kimya kama nilivyoagizwa, tulivyofika chooni nikachuchumaa nyuma ya sinki nikapitisha kitambaa cheupe kwenye mistari ya tailizi, nikamwonyesha. Cheusi tii. Sikusema neno. Yule mama akamgeukia jamaa akamuuliza, "Atakayekuja kusafisha ni wewe au ni yeye?" Jamaa akasema ni mimi. "Basi nataka kuongea na yeye." Weee! Pale ningekufa ningekufa nimeridhika.

Hapo ndo ningemaliza, niwape nyota moja niende zangu kulala. Ila niseme ukweli wa Mungu. Alivyouliza bei mimi kichwani nilikuwa na dola 350, nikaona hata nyingi. Yule jamaa mjinga akapima vyumba na kale kagurudumu kake, akatulia, akasema 640 kwa mwezi, usiku mara tatu kwa wiki, na juu yake kodi ya mauzo maana Texas usafi wa ofisi una kodi, huku Dallas inafika asilimia 8.25. Mimi hiyo kodi nilikuwa siijui kabisa! Ningeenda peke yangu ningetaja 350 na kodi ningeilipa mfukoni. Meneja wala hakushtuka, akasema sawa, tuanze Jumatatu. Kwa hiyo sijui. Nimemchukia yule mtu kwa moyo wote na ameniokoa, vyote saa moja hiyohiyo.

Nilitaka hadi kuwapa nyota tatu. Ndo ikaja barua.

Barua inasema hongera, kampuni imekuletea mteja wa dola 640, amepunguzwa kwenye zile 2,000 tulizokuahidi. Imekuletea! Nani kaniletea? Jino la mwanangu ndo limeniletea! Nikapiga simu, dada wa ofisini ananijibu kwa sauti ile ya kubembeleza mgonjwa, eti kwa kuwa mtu wao wa mauzo alihudhuria basi mteja ni wao. Alihudhuria, tena kwa kuchelewa. Nikiongeza na ile ya Denton niliyoikataa, wanasema bado wananidai mimi subira tu, dola 1,150 zilizobaki zinakuja.

Malipo ya kwanza nayo yalikuja mwezi uliofuata: kwenye 640 wametoa 64 ya jina lao, 32 ya ofisi, 38 ya bima, 110 ya mkopo wa vifaa. Nikabaki na 396, hapo dawa na mafuta ni juu yangu. Boksi ilikuwa inalipa zaidi. Japo kwenye boksi hakuna mtu aliyewahi kuniachia kikaratasi mezani kimeandikwa sakafu haijawahi kung'aa hivi, na kile kikaratasi ninacho kwenye pochi.

Nyota mbili. Hapana, moja na nusu, hiyo nusu ni ya kagurudumu.

Juzi yule jamaa wa mauzo kapiga. Kuna ofisi ya bima hapahapa Garland, dakika kumi kutoka kwangu, inatafuta mtu wa usafi. Nikamuuliza tunaenda lini. Akasema Alhamisi, na safari hii nije na kile kitambaa.