Toradora!: Minori, ungemwacha mwenzio amalize kusema

Naandika nikiwa bado nimefura, kwa hiyo anayetaka uhakiki wa kistaarabu apite tu. Toradora! nimeimaliza juzijuzi. Najua nimechelewa, ni anime (katuni ya Kijapani) ya 2008, watoto waliozaliwa ilipoanza kurushwa sasa wana umri wa hao wanafunzi waliomo. Kwa sehemu kumi na nane nilikuwa mtazamaji mwenye raha zangu. Ikaja sehemu ya 19, nikazima simu, nikaiwasha tena, nikazima.

Hadithi yenyewe kwa haraka. Ryuji ni mvulana mwenye sura ya mhuni lakini ni mpishi hodari na anapenda usafi kupita kiasi. Taiga ni msichana mfupi, mkali kama pilipili, anaishi jengo la jirani na jikoni hajui aanzie wapi. Ryuji anampenda Minori, shoga yake Taiga. Taiga anampenda Kitamura, rafiki yake Ryuji. Wanakubaliana kusaidiana. Nani ataishia na nani utajua mapema sana, na hilo wala halikunisumbua. Mimi nilikaa kwa ajili ya watakaokosa, maana humu karibu kila mtu anapenda asikopendwa, na nilitaka kuona wataambiwaje.

Sasa sikilizeni. Mkesha wa Krismasi, Ryuji amemwomba Minori aje kwenye sherehe ya shule. Kitu anachotaka kumwambia kinajulikana na kila mtu, Minori mwenyewe akiwemo. Usiku ule anakwenda kumsubiri. Minori anafika, kofia ya sufu ameivuta hadi machoni, na kabla kijana wa watu hajapata nafasi ya kusema neno, anaanza habari za mizuka. Ndiyo, mizuka! Inabidi ukumbuke kwamba kwenye mapumziko ya kiangazi, walipokwenda kwenye nyumba ya akina Ami, msichana wanayesoma naye, kando ya bahari, alimweleza Ryuji kwamba mapenzi anayachukulia kama mizuka: anaamini ipo, wenzake wanasema wanaiona, yeye hajawahi kuiona. Basi usiku huu amekuja kutangaza kwamba ameona heri asiione kabisa. Anachekacheka, anaaga, huyoo. Ryuji amebaki amesimama na neno lake mdomoni.

Jamani. Kumkataa ni haki yake, tena haki kamili, sidai hata kidogo kwamba alipaswa kumkubali. Lakini amejibu swali ambalo hajaulizwa. Kutoswa kunauma ila kuna heshima yake: ulisema, ukajibiwa, unalia siku zako, marafiki wanakupa pole, maisha yanasonga. Ryuji hana hata hiyo pole. Atamwambia nani kwamba amekataliwa, wakati hakuomba kitu? Kisheria hapakutokea lolote, ni wanafunzi wawili walikuwa wanapiga soga kuhusu mizuka.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba anime hii hii inajua kabisa namna ya kumkatalia mtu. Mwanzoni kabisa, kwenye sehemu ya pili, Taiga na Ryuji wanakesha nje wakipiga mateke nguzo ya barabarani kwa uchungu, na kesho yake Taiga anamfuata Kitamura, anamwambia ukweli wake. Kitamura hazunguki mbuyu. Anamwonyesha kwamba wao watakuwa marafiki wazuri. Tena inajulikana kwamba mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyemwambia Taiga anampenda, na Taiga akamkatalia palepale. Kila mmoja kamkataa mwenzake kwa zamu yake, na bado wanasemeshana vizuri! Ni dakika chache tu, ila wameniridhisha kuliko tamthilia nzima ninazozijua.

Halafu kuna sehemu ya 16. Kitamura, mtoto mpole, kapaka nywele rangi ya dhahabu na kuanza utukutu, kumbe kisa ni Sumire, rais wa serikali ya wanafunzi, anayeondoka kwenda kusoma Marekani. Siku ya uchaguzi Kitamura anasimama mbele ya shule nzima na kumwambia anampenda. Sumire anampiga chenga. Anageuza ile kauli kuwa mzaha, ukumbi unashangilia, biashara imeisha. Taiga hakusubiri. Akabeba upanga wa mbao, akapanda hadi darasa la mwaka wa tatu, akamvaa Sumire, wakatwangana hadi wenzao wakaja kuwaamua. Na katikati ya kile kipigo ndipo ukweli ukatoka: Sumire anampenda. Aliogopa kwamba akikiri, yule mjinga ataacha kila kitu amfuate. Taiga akasimamishwa shule. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mwanafunzi anasimamishwa shule.

Sasa nauliza. Minori kafanya nini tofauti na Sumire? Wote wawili wanampenda mvulana. Wote wawili wameamua kwa niaba yake. Sumire kala kipigo cha mbao, Minori kapewa muziki wa huzuni ili tumwonee huruma. Na najua sababu, ndiyo maana hasira haiishi: mtu pekee ambaye angebeba upanga kumtetea Ryuji ni Taiga, na Taiga wakati huo yuko barabarani peku, analia, analiita jina la Ryuji. Ndiyo kwanza ametambua kwamba anampenda, dakika chache baada ya kumsukuma atoke mlangoni akamwahi Minori. Minori kayaona yote hayo. Kaona, kageuka, kaenda kumkatalia Ryuji.

Kwa hiyo ule haukuwa hata uamuzi kuhusu Ryuji. Ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa Taiga. Kijana kagawiwa! Na Taiga hakuomba agawiwe mtu, yeye mwenyewe alishajikaza akamtoa. Wasichana wawili wanasukumiana mtu usiku wa sikukuu, kila mmoja anajiona mkarimu, na mwenye moyo wake hakuna aliyemuuliza.

Mdogo wangu, niliyekuwa naangalia naye, alinitazama nikifoka akasema, "Sasa dada, ulitaka amwambieje? Kwamba nakupenda ila siwezi? Si ndiyo angemng'ang'ania?" Nikamwambia hayo ni maneno ya Sumire na Sumire alipigwa. Akasema, "Basi na wewe nenda na upanga." Nikamwambia akalale.

Nikairudia ile sehemu ili nimwonyeshe ushahidi asubuhi, na hapo ndipo mambo yakaanza kuniharibikia. Minori hakuwa na lazima ya kutoka. Angeweza kujifungia nyumbani, akamwacha Ryuji asubiri hadi achoke, na watu wengi wa umri ule (na wa umri wangu) ndivyo wangefanya: kimya, ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Yeye katoka usiku kwenda kusema hapana, japo ni hapana iliyovikwa shuka la mzuka. Halafu msikilize Yui Horie anayemwigiza kwa sauti. Sehemu zote za nyuma Minori ni kelele na vichekesho mtindo mmoja, na hapa kicheko kinamtoka kwa kulazimisha hadi unataka umwambie basi, inatosha. Na ile kofia. Mara ya kwanza niliiona kama kiburi cha kutotaka kumtazama mtu usoni. Mara ya pili nikaona kwamba macho yale yangetazamwa, uongo usingefika mwisho.

Haya, nikalegea kidogo. Nikasema tatu kwa tano, nisonge mbele.

Kumbe bado. Sehemu ya 24 Minori anasema. Humo humo shuleni, kwa sauti, bila mizuka: alikuwa anampenda Ryuji. Na Ryuji, ambaye sasa anajua anamtaka Taiga, anamsikiliza hadi mwisho na kumjibu wazi. Nililia, sikatai. Kisha machozi yalipokauka nikahesabu, nikaona kwamba Minori amepewa palepale kile alichomnyima mwenzake: kusema, kusikilizwa, kukataliwa kwa adabu. Anaondoka mwepesi. Ryuji wa mkesha wa Krismasi nani atamrudishia ile dakika yake?

Ami ndiyo usiniulize. Anayaona ya wote, anamwambia kila mtu ukweli wake, na la kwake analisema nusunusu kisha anajiondoa. Huyo hata kutoswa hakupata. Ningemwandikia ukurasa wake peke yake, ila mdogo wangu ananiambia nimeshakuwa kero.

Watu wengi wanalalamikia mwisho, ule mwaka ambao Taiga anaondoka kisha anarudi. Mimi mwisho sina shida nao, nilifika pale nikiwa sina nguvu za kugombana.

Kwa hiyo niwaambie muiangalie? Nilikuwa nimeandika hapana. Nikafuta, nikaandika nyota nne, maana sehemu ya pili na ya 16 peke yake zinalipa bando lote. Nikakumbuka kibanio cha nywele ambacho Ryuji alitaka kumpa Minori, nikashusha hadi mbili. Sasa hivi iko tatu na nusu na sitaki kuigusa tena. Angalieni, lakini sehemu ya 19 msiiangalie mkiwa na mtu mnayemhitaji kesho yake.

Muongozaji Tatsuyuki Nagai, mwandishi Mari Okada na mchoraji wa wahusika Masayoshi Tanaka walirudi pamoja mwaka 2011 na anime nyingine, Anohana, na naambiwa huko kilio ni mara mbili ya hiki. Nimeshaipakua. Mdogo wangu amesema ataangalia chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.