Jiko la umeme la kununua Unguja na Pemba: anza na sufuria zako

Wenzetu wa nchi za baridi wana hita za infraredi, waya mwekundu unaowaka na kuwapiga joto usoni wakiwa wamekaa sebuleni. Sisi joto la chumbani tunalo bure, hasa miezi ya kaskazi. Lakini waya huohuo ukilazwa chini ya kioo unakuwa jiko, na hilo jiko ndilo ninaloulizwa kila siku na watu waliochoka na bei ya polo la makaa. Lipi zuri?

Kabla hujatoka kwenda Darajani, au Chake Chake kama uko Pemba, ingia kwanza jikoni kwako ukazitazame sufuria. Nasema hivi kwa kuwa nilishaumia. Jiko langu la kwanza la umeme lilikuwa la induksheni, lile linaloipasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, jembamba, linang'ara kama kioo cha bibi harusi. Muuzaji akaniapia: "Dada, hili linapika na sufuria yoyote." Kufika nyumbani nikateleka maji ya chai, jiko likalia pi pi pi, likazima. Nikabandika sufuria ya wali, mambo yakawa yaleyale. Sufuria zote za mama zilikuwa za alumini, na induksheni haipashi chombo kisichoshikwa na sumaku. Niliporudi dukani nikaambiwa nimeshalitoa kwenye boksi, basi. Lile jiko likakaa juu ya kabati miezi minane mpaka wifi yangu akalichukua.

Kwa hiyo kwa nyumba nyingi za kwetu, nafasi ya kwanza naipa infraredi. Chini ya kioo chake pana waya uliozungushwa kama mkeka wa duara. Umeme ukipita unakuwa mwekundu, na joto lake linapenya kioo na kuipiga sufuria. Halibagui: alumini, chuma, stili, hata chungu, alimradi kitako kiwe bapa. Sufuria iliyobonyea kitako au ya duara itapika pole pole na kula umeme bure. Utaona wekundu unazima na kuwaka, unazima na kuwaka. Usikimbilie kwa fundi. Ndivyo jiko linavyopunguza moto.

Kwa chapati ni zuri sana, kwa sababu chuma kinapata moto sawasawa na hakuna moshi wa kukutoa machozi. Kwa wali wa nazi kuna jambo la kuzoea. Juu ya mfuniko huwezi kupalia makaa. Mie maji yakikauka nashusha moto mpaka chini kabisa, nafunga mfuniko kwa kitambaa, na dakika kumi za mwisho nalizima kabisa, maana kioo hubaki na moto mwingi na wali unajimalizia wenyewe. Ukoko unapatikana pia, ukiuvizia. Ila mkate wa kumimina unaotaka moto juu na chini, bado naupeleka kwenye makaa.

Huo moto unaobaki ndio pia hatari yake. Kioo hakina rangi ya kukuonya kwamba bado kinaunguza, na watoto wanapenda kugusa kitu kinachong'ara. Ukishazima, usichomoe waya ukutani papo hapo. Kifeni cha ndani kinaendelea kuzunguka kupoza mitambo, kiache kimalize. Usimwagie maji baridi kioo cha moto, kitapasuka. Na kama unapika kashata, kaa nayo: sukari ikimwagika ikaungulia juu ya kioo hukitoboa vishimo ambavyo havifutiki.

Kuhusu sufuria za shughuli, sahau. Waya wa chini ya kioo ni mdogo. Ukiweka sufuria pana kupita duara lake, katikati inaungua na pembeni mchele unabaki mbichi, na joto linalorudi chini linaharibu vitufe. Kwa familia ya watu sita, saba, linatosha.

Nafasi ya pili ni jiko la presha la umeme, na kama nyumba yako ni ya maharage, kunde, pweza na nyama ya mifupa, ligeuze liwe la kwanza. Lile la lita sita kwa kawaida ni la wati 1,000. Maana yake hata lingewaka saa nzima bila kupumzika lingekula uniti moja tu, na kwa kweli haliwaki hivyo: likishapanda presha linazima lenyewe na kuwaka kidogo kidogo, kwa kuwa limefunikwa na mvuke hautoki. Pweza analainika humo bila kupigwa sana. Udhaifu wake ni kwamba hukioni chakula kinavyokwenda, wala halichomi chapati. Angalia kama mpira wa mfuniko unauzwa peke yake, maana ndio unaochoka mwanzo, na bila huo unabaki na sufuria nzito tu.

Induksheni naiweka ya tatu, ingawa kwa ufundi ndiyo inayopoteza moto kidogo kuliko majiko mengine ya kubandika sufuria, kwa vile sufuria yenyewe ndiyo inayozalisha joto. Ukiwa na vyombo vya chuma, au uko tayari kununua vipya, ipandishe. Chukua sumaku ya mlango wa friji, iweke kwenye kitako cha sufuria. Ikishika, jiko litashika.

Sahani ya chuma, lile jiko zito jeusi, ni rahisi kwa bei na halina kitu cha kielektroniki cha kufa. Lakini linachelewa kupata moto, linachelewa kupoa, na upepo wa bahari unalitia kutu. Jirani yangu wa Mkoani, Pemba, hulipaka mafuta ya kupikia kila baada ya kupika.

La koili wazi sinunui, hata kwa elfu chache. Tui likifurika linaangukia juu ya waya wenye umeme, na ukikoroga kwa mwiko wa chuma unaweza kurushwa.

Ukishachagua aina, geuza jiko usome karatasi ya nyuma. Kwetu umeme ni volti 230 au karibu na hapo. Wanaonunua vyombo vilivyotumika vinavyoshuka kwenye makontena wawe macho: kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya Japani ni cha volti 100, ukikichomeka hapa unasikia harufu kabla hujaona moto. Wati 2,000 zinatosha kwa infraredi. Mzigo huo ni karibu ampea tisa, kwa hiyo lichomeke moja kwa moja ukutani. Zile ekstensheni nyembamba, zenye friji, feni na chaja za simu tayari, ndizo zinazoyeyuka. Kama soketi yako inapata moto ukiigusa, mwite fundi umeme kabla ya kununua jiko, na umwambie akague waya wa ethi.

Jengine ambalo wauzaji hawalisemi: umeme hafifu. Infraredi ikipata volti 180 badala ya 230, zile wati 2,000 zinashuka kuwa kama 1,200, kwa sababu nguvu inapungua haraka kuliko volti. Wanaoishi mwisho wa laini shamba, na wanaopika futari saa ile kila mtu anapika, wataiona tofauti hiyo kwenye maharage. Jiko halijaharibika. Baadhi ya induksheni katika hali hiyo huweza kugoma kabisa.

Vitufe vya kugusa au swichi ya kuzungusha? Vya kugusa vinasumbua mkono ukiwa na maji au unga, na mende wakiingia ndani kufuata joto ndio mwisho wake. Ya kuzungusha inadumu, ila umeme ukikatika nawe ukaondoka zako, umeme ukirudi jiko linawaka lenyewe na sufuria tupu juu. Nimechagua ya kuzungusha, na nimejizoesha kuirudisha sifuri taa zikizimika.

Makaa na mtungi wa gesi visitupwe. Aliyekuwepo Unguja Disemba 2009 anakumbuka umeme ulivyopotea mpaka Machi 2010. Waya mpya wa baharini kutoka bara uliozinduliwa 2013 umebadilisha mengi, lakini umeme wa kutegemea waya chini ya mkondo wa bahari unataka mpango wa pili jikoni.

Gharama huhitaji kumuuliza mtu, mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, iko ukutani. Soma uniti kabla ya kuteleka na baada ya kuepua, friji na feni zikiwa zimezimwa kwa muda huo. Kuchemsha lita mbili za maji kwa infraredi kunakula kama robo ya uniti. Ukipata mara mbili ya hapo, angalia kitako cha sufuria au mfuniko.

Siku ya kununua, tia kwenye mkoba sufuria unayoitumia zaidi. Mwombe muuzaji alichomeke jiko, tia maji, yachemke mbele yako. Atanung'unika. Msubiri tu, kisha omba risiti iliyoandikwa muda wa kurudisha.