Nasari ya jumuiya kijijini kwetu Unguja: haya ndiyo niliyoyaona

Kina mama wenzangu tunaolima mwani wananiuliza mno kuhusu nasari ya jumuiya ya kijijini kwetu, huku pwani ya mashariki ya Unguja, kwa hiyo nayaandika yote hapa mara moja. Binti yangu kashamaliza mwaka wa kwanza wa maandalizi, sasa yuko wa pili. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nina sababu nayo, na nitaieleza.

Kwanza mahali penyewe. Vyumba viwili vya matofali na bati, kibaraza mbele, choo cha kitoto ambacho mtoto anaingia mwenyewe bila kushikwa mkono. Jengo limesimama kwa msaragambo: kiwanja kilitolewa na mzee mmoja wa hapa kijijini, wanaume walichimba msingi, wanawake tukabeba mchanga na maji. Ada ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na kila mzazi ana zamu yake ya kupika uji. Ukikwama mwezi huo, unakwenda kwenye kamati unasema, wanakuongezea zamu ya uji au unaleta kuni, na mtoto haondolewi darasani. Kamati ina wanawake wengi kuliko wanaume, na kila muhula inatusomea mapato na matumizi mbele ya wazazi wote. Mimi hili nimelipenda kuliko rangi za ukutani.

Wengine wataniuliza, si kuna skuli ya Serikali? Ipo, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima. Lakini skuli hiyo kwetu iko ng'ambo ya barabara kuu, na mtoto wa miaka minne hawezi kuivuka peke yake na magari yale. Nasari iko hapa hapa, bibi yake anamwona akiingia getini.

Ufundishaji wao unafuata mfumo wa nasari za madrasa, na mfumo huu ni wetu watu wa pwani. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, awasaidie kuinua elimu ya watoto wao, waliokuwa wakibaki nyuma skulini. Mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaingia mitaani kuzungumza na wazee na maimamu, na mwaka 1986 kazi ikaanza hukohuko Mombasa. Unguja ukafika 1990, Uganda 1993. Wazee walikuwa na hofu kwamba nasari itamtoa mtoto chuo cha Kurani, ndiyo maana mafunzo ya dini yakawekwa humohumo ndani, na walimu wakachukuliwa wanawake wa palepale mtaani wakafunzwa kazi. Walimu wetu wote wawili wamefunzwa kwa mfumo huo. Wanasomesha kwa Kiswahili, mtoto anasoma dua kabla ya uji, na watoto wa wenzetu waliotoka bara kufanya kazi hotelini wamo na wanapokewa vizuri.

Mzazi anaruhusiwa kukaa kutazama, na mimi nilikaa. Darasa limegawiwa kona. Kuna kona ya nyumbani yenye vifuu, pakacha na vyungu vidogo. Kona ya vitabu. Kona ya kuhesabia yenye vizibo vya soda, kauri na kokwa za kungu. Na kona ya vipande vya mbao ambavyo seremala wa kijiji alivipiga randa mpaka vikalainika. Mwalimu haanzi na ubao. Anawakalisha duara, anamuuliza kila mmoja leo anataka kufanya nini.

Kitoto kimoja cha kiume kikajibu, "Najenga bandari."

"Utajengea nini?"

"Mbao. Na kauri, ndiyo meli."

Akaenda, akajenga, ikaanguka. Mwalimu hakuinuka kumjengea. Wakati wa kukumbuka yaliyofanywa ulipofika, duara likarudi, akamuuliza bandari imekuwaje.

"Imeanguka."

"Kwa nini?"

Mtoto akafikiri, mikono kichwani. "Kubwa nimeweka juu. Kesho naweka chini."

Mimi nilisoma kwa kuimba a-e-i-o-u nikiogopa bakora, na nakwambieni machozi yalinilenga. Mtoto wa miaka mitano kapanga kazi yake, kaifanya, kajua palipoharibika, na kaamua kesho afanyeje, na wala hakupigiwa kelele. Nyumbani nayaona. Tukikaa kutayarisha kamba za mwani, binti yangu anazipanga zile tai-tai, vikamba vidogo vya kufungia mwani, tano tano, halafu ananambia, "Mama, mafungu manne, ni ishirini." Hakuna aliyemwekea daftari la hesabu.

Nayasema haya kwa sababu wapo wazazi wanaojinyima chakula ili walipe nasari za mjini zinazojisifu kwa Kiingereza. Nimeingia moja ya hizo. Vitoto vya miaka mitatu vimekaa kwenye madawati vinanakili herufi toka ubaoni, na kazi ya nyumbani juu. Mzazi anafurahi kwa sababu daftari limejaa. Nisingempeleka wangu hata kwa bure.

Dada yangu aliyeko Pemba aliwahi kumpeleka mwanawe kwenye kituo cha Tucheze Tujifunze, ambako redio inafunguliwa, watoto wanaimba, wanacheza na kuhesabu kwa kufuata kipindi, na mlezi wa palepale kijijini anawaongoza. Kwa kijiji kisicho na jengo ni msaada mkubwa. Ila redio haiwezi kumngojea mtoto afikirie kwa nini bandari yake imeanguka. Hapo anatakiwa mwalimu.

Sasa hiyo nyota moja. Sehemu yake ni saa. Nasari inafunguliwa saa mbili na kufungwa saa tano na nusu asubuhi. Kila mkulima wa mwani anajua kwamba wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji hupwa asubuhi, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Siku za mwanzo unakwenda, unafunga kamba zako, unarudi kumchukua mtoto kwa wakati. Ikifika siku maji yanakauka saa tano, nasari inafungwa nawe umo majini mpaka magotini, mzigo wa mwani mbichi haujatoka. Mwenye mama mzazi jirani kasalimika. Asiye naye anambeba mtoto pwani au anaacha shamba. Nimelisema kwenye kikao na ninalisema tena hapa: siku hizo za bamvua mwalimu mmoja abaki na watoto mpaka saa saba, na sisi tumlipe kwa hizo saa. Ratiba ya maji inajulikana mwezi mzima kabla, hakuna la kubahatisha.

Sehemu kubwa zaidi ni mshahara. Walimu wanalipwa kwa hizo elfu tano zetu, na sisi bei ya mwani ikishuka, ada ndiyo ya kwanza kucheleweshwa. Nguo ya Sikukuu inanunuliwa, ada inangoja. Mwalimu wetu mmoja wa awali, mpole, mwenye sauti ambayo watoto wakiisikia wanatulia, ametuondokea kaenda kutandika vitanda hotelini, kwa sababu huko mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Watoto walimtafuta muda mrefu. Mafunzo yote aliyopewa yamekwenda naye.

Na wageni wanaotutembelea, pamoja na ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Uingereza, nawaomba hili kwa moyo mmoja. Mabegi, penseli za rangi, pipi na maputo yanatosha. Kuta zimeshapakwa rangi mara nyingi. Mtoto anakatishwa kazi yake aje kuimba apigwe picha, na mwalimu aliyesimama pembeni hajalipwa. Atakayetaka kusaidia aione kamati, aahidi fungu la mshahara wa mwalimu mmoja kwa mwaka mzima, na alitoe kila mwezi bila kukumbushwa. Wazazi nasi tulipe kabla ya tarehe tano.

Usajili ni Disemba, masomo yanaanza Januari. Mtoto awe ametimiza miaka minne. Chukua cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na nenda baada ya saa tano na nusu watoto wakishatoka, ili mwalimu apate nafasi ya kukusikiliza.