Kneadatite ya kijani kwa kufinyanga kappa wa milimita 28

Kwa vinyago vidogo vya mezani, puti ya epoksi ya Kneadatite, ile ya bluu na njano inayogeuka kijani ikikandwa, bado ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kappa, kiumbe wa mitoni katika ngano za Kijapani, anaipima vilivyo: ana gamba la kobe mgongoni, mdomo wa ndege, utando kati ya vidole na kisahani cha maji utosini.

Ukinunua ya utepe, kata na utupe mstari wa katikati ambapo rangi mbili zinagusana. Hapo imeshaanza kuganda, na ukiikanda pamoja utapata punje ngumu zitakazojitokeza usoni mwa kinyago. Changanya nusu kwa nusu hadi michirizi iishe. Njano ikizidi, inakuwa laini na yenye kunata, nzuri kwa mikunjo ya ngozi. Bluu ikizidi, inakuwa ngumu, inafaa kingo za gamba.

Una kama saa moja na nusu ya kuifinyanga. Kuganda kabisa ni saa 24. Basi jenga kiwiliwili juu ya waya, kiache kigande, ndipo uweke gamba, la sivyo utabonyeza mapaja huku unachora mgongo. Lowesha kifaa kwa maji, kisije kikang'oa mdomo mzima.

Udhaifu wake ni msasa: haipigiki vizuri, inaacha nyuzinyuzi. Ukingo wa kisahani hutoka safi zaidi kwa Milliput, puti nyingine ya epoksi, ambayo inakubali msasa ila huvunjika ikiwa nyembamba. Kwa utando wa vidole, baki na ya kijani.