Dawa ya Upele ya BBE: Inaponya, Ila Maelekezo Yake Hayatoshi

Mwanangu wa kidato cha kwanza alirudi likizo kutoka shule ya bweni mapema mwezi wa Juni akiwa na vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na kila taa ilipozimwa nilimsikia akijikuna hadi usiku wa manane. Muuzaji wa duka la dawa aliitazama mikono yake kwa mbali, akanipa chupa moja ya mililita 100 ya benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo madukani na kwenye zahanati huitwa BBE, akaongeza na kipande cha sabuni ya dawa. "Mpake tu huyo kijana, mama, siku tatu atakuwa amepona," alisema. Tathmini hii ni ya dawa hiyo, ambayo niliinunua mara mbili: mara ya kwanza niliitumia vibaya, na mara ya pili niliitumia inavyotakiwa.

Dawa yenyewe ni ya maji, nyeupe kama maziwa, na lazima chupa itikiswe vizuri kabla ya kumimina. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, si kwenye vipele peke yake, kisha huachwa kwa saa 24 kabla ya kuoga. Nilianza kupaka kwa pamba, nikaona pamba inainywa dawa kuliko ngozi. Brashi mpya ya kupakia rangi, yenye upana wa vidole viwili, ilifanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi na hata mgongoni ilifika bila taabu. Kasoro yake inayosikika mara moja ni kuchoma. Kijana alisimama bafuni amenyoosha mikono kama sanamu ya shambani ya kufukuzia ndege, na brashi ilipofika mapajani, mahali alipokuwa amejikwaruza sana, aliruka na kuniomba nimpepee kwa kipande cha boksi. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Kwetu kucha zilikuwapo, na ndizo zilizofungua vidonda. Mwenye vidonda vilivyokwisha kutunga usaha asikimbilie chupa hii kabla ya kuonwa na mganga wa zahanati, kwa sababu bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo hiyo huweza hata kusababisha ugonjwa wa figo.

Baada ya usiku ule mmoja mwasho ulipungua, shule ikafunguliwa, kijana akaondoka, nami nikaamini kwamba habari imekwisha. Katikati ya Julai binti yangu wa miaka 5, ambaye wakati wa likizo alikuwa akilala kitanda kimoja na kaka yake, alianza kujikuna, na wiki hiyohiyo nami nikaanza. Nilimpigia simu wifi yangu, ambaye ni muuguzi, nikamlalamikia kwamba dawa ni feki. Akaniuliza, "Wifi, ulimpaka mtoto au uliipaka nyumba?"

Swali hilo halikujibiwa popote kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo mimi mwenye miwani nilizisoma kwa shida. Wifi alinieleza kuwa mdudu wa upele, wa jamii ya utitiri, huchimba kijia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku, na kwamba mtu anayempata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku tayari anawaambukiza wenzake. Kwa hiyo wote wanaoishi pamoja hupakwa usiku mmoja, anayejikuna na asiyejikuna. Kumpaka mmoja na kuwaacha wanne ni sawa na kuziba tundu moja la chujio.

Safari ya pili nilinunua chupa tano. Tulikata kucha, tukapaka hadi chini ya kucha na kwenye kitovu, na kila aliyenawa mikono alipakwa upya mikononi. Dawa ya binti ilichanganywa na maji safi nusu kwa nusu, jambo ambalo karatasi ililitaja kwa mstari mmoja tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 na mama mjamzito ni vyema zahanati iamue. Tulirudia usiku wa pili. Mashuka, taulo na nguo za siku tatu zilizotangulia tulizifua kwa maji ya moto na kuzipiga pasi hasa kwenye mishono, na mablanketi tukayafunga kwa wiki nzima ndani ya nailoni ya godoro, kwa kuwa mdudu huyu akikosa mwili wa mtu kwa kawaida hamalizi siku nne. Mwasho uliendelea kwa takriban wiki mbili, na hapo ndipo wengi hukosea: huo ni mwili ukipambana na mabaki ya wadudu waliokufa, nao huendelea kupaka kila siku mpaka ngozi inababuka.

Kuhusu ile sabuni ya dawa, sikuona faida yake kabisa. Povu halimfikii mdudu aliye ndani ya ngozi, na kuiuza pamoja na BBE kunaeneza imani kwamba upele ni ugonjwa wa mtu asiyeoga. Shuleni kwa mwanangu, ambako upele ulimrudia, wavulana waliambiwa mstarini kwamba ni wachafu. Matokeo yake walioanza kuwashwa walificha mikono mifukoni na kuendelea kuazimana taulo. Usafi unaohusika hapa ni wa kila mtu kuwa na taulo lake na shuka lake, kutolala wawili kitandani, na kusema mapema, mambo ambayo yangetosha kipindi kimoja cha darasani. Wazazi tulipochangia chupa na bweni zima likapakwa usiku mmoja, malalamiko yaliisha.

Ipo pia krimu ya permethrini ya asilimia 5, isiyochoma sana na ambayo huachwa kwa saa 8 hadi 14 tu, lakini dukani kwetu bei yake kwa watu watano ilinishinda. Vidonge vya ivermektini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza mwaka 2019 kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya upele, hutolewa kwa kupimwa uzito na si vya kujinunulia.

BBE naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua ni ya kule kuchoma. Karatasi yake naipa moja. Binti yangu sasa analala kwenye godoro lake, na brashi tumeitupa.