Viatu vya maji vya dola kumi: kutoka Birere hadi ghuba ya Chwaka

Jambo ndugu zangu, jambo dada zangu wa Goma, na nyinyi wa Bukavu ambao hamkosi kunisalimia kila nikiweka video. Nimerudi juzi kutoka Zanzibar. Viatu mnavyoviona hapa mezani ni vile vile nilivyowaonyesha kabla ya safari, vikiwa bado na harufu ya duka. Sasa mishono ina chumvi, soli ya kushoto ina mkato, na naweza kuvizungumzia kwa haki kwa sababu vimetembea.

Kwa wageni: hivi ni viatu vya maji. Juu ni kitambaa kinachovutika, chini ni mpira, halafu kuna kamba moja yenye kibanio cha plastiki cha kukazia. Nilivinunua Birere, hapa hapa Goma. Muuzaji alianza na dola kumi na tano, tukamalizana kwa kumi. Aliniambia ni viatu vya kuogelea, na mimi nikavichukua nikiamini hivyo. Siku tatu nilizokaa ufukweni, sikuogelea navyo hata mara moja. Nilitembea. Ninaposema nilitembea, nasema kutembea juu ya sakafu ya bahari, mahali ambapo saa chache kabla mitumbwi ilikuwa inaelea.

Hilo linataka maelezo, hasa kwetu sisi watu wa Kivu. Ziwa letu la Kivu halihami. Ukiondoka Himbi asubuhi ukaacha maji yanagusa jiwe fulani, jioni utayakuta hapo hapo. Na ni ziwa la kina, zaidi ya mita 450 katikati, na sehemu nyingi ukipiga hatua chache kutoka ukingoni unakosa pa kukanyaga. Chwaka ni kinyume kabisa. Ni ghuba iliyo upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, maji yake yametulia, na chini yake ni tambarare kama uwanja wa mpira. Mwezi unaivuta bahari, maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja, na kwa sababu ya ule utambarare, yakipwa yanaondoka mbali sana. Ziwa letu nalo linavutwa na mwezi huo huo, ila ni dogo mno, huwezi kuona kitu.

Nilifika siku za mwezi mpevu, na watu wa pale wanaziita siku hizo bamvua. Ndipo maji yanapojaa sana na kupwa sana; tofauti ya juu na chini inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu wanasema maji mafu, yanakwenda na kurudi kidogo tu. Kama unataka kutembea juu ya mchanga, nenda wakati wa bamvua. Kama unataka kuogelea, hata wakati wa bamvua utaogelea, lakini usubiri yajae, na siku hizo yanajaa jioni, kama saa kumi hivi. Dada yangu mmoja wa hapa Goma alikwenda huko, akaamka asubuhi akakuta matope na majani ya baharini hadi upeo wa macho, akalia kwamba wamemdanganya kwa picha. Hakuna aliyemdanganya. Picha ilipigwa jioni.

Sasa turudi kwenye kiatu. Nakisogeza karibu na kamera, tazameni chini hapa, upande wa kidole kikubwa. Mnaona mstari huu? Una urefu wa kucha. Katika matope ya ghuba ile, penye majani, kuna makombe makubwa yanayosimama wima, yamejizika nusu, ukingo wake uko juu na ni mkali kama wembe. Huyaoni mpaka umekanyaga. Nilikanyaga moja kwa uzito wangu wote. Mpira ulikatwa, lakini haukutoboka hadi ndani, na ngozi yangu haikuguswa. Kwa kitu hicho kimoja, dola kumi zangu zilirudi. Kandambili isingesaidia, kwa sababu kandambili katika matope yale inabaki nyuma, mguu unaendelea peke yake.

Lakini msielewe vibaya: kuna mnyama mweusi wa miiba, ukimwona utasema ni nungunungu mdogo aliyezama. Anakaa kwenye mawe na vidimbwi. Mwiba wake unapita kitambaa hiki bila shida, na soli nyembamba kama hii nayo siiamini mbele yake. Hapo dawa ni macho, siyo kiatu. Na penye maji ya kufika magotini, usinyanyue mguu na kuutua, uburute. Samaki anayeitwa taa hujilaza chini ya mchanga, na mwiba wake uko mkiani. Ukiburuta miguu anakusikia anaondoka. Hili nilifundishwa na wavuvi wa pale siku ya kwanza, na niliburuta miguu siku zote tatu.

Sasa niwaeleze siku ya pili, kwa sababu viatu vilipimwa siku hiyo kuliko siku nyingine.

Mzee wa nyumba tuliyofikia aliniambia maji yatapwa hadi saa nne na robo asubuhi. Nikapanga: niende nayo yakiondoka, nifike mbali, nigeuze saa nne na robo. Mkononi nilikuwa na saa yangu ya siku zote, hii hapa. Simu niliiacha chumbani kwa kuogopa maji. Nikatembea kama mtu aliyepewa nchi mpya. Niliona kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, mwekundu, akitambaa taratibu sana katika kidimbwi kisichozidi sahani. Niliinama pale sijui muda gani. Nilipoangalia saa ilikuwa saa nne na robo kamili, nikasema vizuri, sasa nianze kurudi polepole.

Saa hiyo ilikuwa ya Goma. Zanzibar wako mbele yetu kwa saa moja. Kumbe ilikuwa saa tano na robo, na bahari ilikuwa inarudi tangu saa nzima.

Haiji kama wimbi, ndugu zangu. Ingekuja kama wimbi ningeiona. Inaingia kwanza kwenye mifereji, na mifereji iko kati yako na nchi kavu. Mbele yangu, upande wa bahari, mchanga ulikuwa bado mkavu. Nyuma yangu ndiko kulikuwa kumeshajaa. Mama mmoja aliyekuwa kwenye shamba lake la mwani, yale majani ya baharini wanayolima, alinyanyua mkono akaita, "Mwanangu, rudi! Maji yanajaa!" Nikageuka nikaona ule mfereji niliouvuka maji yakiwa chini ya kifundo, sasa unameta mpana kama barabara.

Nilipofika pale maji yalikuwa mapajani. Na hapo ndipo kasoro kubwa ya viatu hivi ilipojitokeza: vinameza mchanga. Vina vitundu pembeni vya kutoa maji, mnaviona, vinne kila upande. Maji yanatoka, mchanga unabaki. Kila hatua kiatu kilizidi kuwa kizito, na kile kibanio cha plastiki kikaanza kuteleza, kisigino cha kulia kikawa kinachomoka. Ningevivua, mbele kuna yale makombe. Nikajikaza. Yule mama alinisubiri upande wa pili, akanishika mkono kunipandisha. Nikasema, "Aksanti sana, mama." Akanitazama kidogo, nami nikakumbuka niko wapi, nikasema, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," ndipo akatabasamu.

Nikatazama miguu yake. Alivaa soksi nene ndani ya viatu vya mpira vya kufunika, vya bei ndogo, vile ambavyo hapa kwetu mama zetu huvaa shambani wakati wa mvua. Soksi inaziba nafasi, mchanga hauna pa kuingia. Siku ya tatu nilivaa soksi ndani ya hivi viatu vyangu, nikafunga fundo juu ya kibanio, na tatizo likaisha karibu lote. Chukueni hilo kama nilivyolipokea mimi, kutoka kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Niongeze jambo kuhusu mashamba yale, linanigusa. Mkiona vijiti vimepangwa safu safu mchangani na kamba zimefungwa kati yake, hilo ni shamba la mtu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ile ya mashariki mwaka 1989, na kazi kubwa wameibeba wanawake. Wanafunga vipande kwa kamba ndogo, kimoja kimoja, wakiwa wameinama, na wanavuna baada ya wiki sita hivi. Mwani unauzwa nje, unatolewa ute unaoingia hata kwenye dawa ya meno. Niliona vijana wageni wakipita katikati ya kamba wakipiga picha. Zunguka. Ni sawa na mtu kukatiza katika maharage ya mama yako kule Masisi kwa sababu njia ni fupi. Na ukiwa kijijini jifunge kitenge juu ya nguo ya kuogelea. Ni watu wa heshima na wanakaribisha vizuri.

Niliporudi sikutaka kuvihukumu kwa bahari peke yake, kwa hiyo jana nilishuka Kituku, ukingoni mwa ziwa letu, asubuhi, wakati mama zetu wanapokea sambaza, wale samaki wadogo, na watoto wanachota maji kwa bidoni za njano. Nilitembea juu ya mawe ya volkano saa nzima. Hapo nasema wazi: siridhiki. Jiwe letu lina meno, na soli hii ni laini, kila ncha niliihisi. Juu ya jiwe lenye utelezi wa kijani niliteleza mara mbili. Mtu anayeteka maji au kufua Kituku kila siku asinunue hivi. Miezi miwili havifiki.

Kwa safari ya pwani, kwenye mchanga na matope, nanunua tena. Ila chagueni vinavyobana, nusu namba chini ya viatu vyenu vya kawaida, maana kitambaa kikilowa kinalegea. Vuteni kibanio kwa nguvu mbele ya muuzaji. Kikiteleza kikiwa kikavu, kikilowa kitakuwa kibaya zaidi. Mkivitoa baharini, visuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa usiku mmoja, na hii ndiyo chumvi mnayoiona kwenye mshono, haitoki tena.

Mama Furaha na wengine wengi mmeniuliza kuhusu watoto. Namba za watoto zilikuwepo pale Birere, kuanzia ishirini na sita, dola saba. Mtoto mvalishe na soksi tangu dukani, mpime hivyo. Na kabla hajakanyaga mchanga, ulizeni watu wa kijiji maji yanageuka saa ngapi, kisha wekeni saa zenu zote sawa na yao.